Kupima konokono wa kichocho: usikose saa zao

Wanafunzi wengi wakipelekwa field Mwanza au Ukerewe wanadhani kazi ni kuokota konokono tu, kumbe kazi yenyewe ni saa. Minyoo ya kichocho ina saa zake za kutoka, ukizikosa utaandika sifuri kwenye daftari na wakati huohuo watoto wanaendelea kuambukizwa palepale ulipopima.

Kwanza vaa gambuti ndefu na glovu hata kama maji yanaonekana safi, kwa sababu vimelea vinavyotoka kwa konokono (sekaria) huvioni kwa macho na vinapenya ngozi ndani ya dakika chache tu. Maji yakikurukia jifute haraka na spiriti. Chukua chekeche la waya lililofungwa kwenye mti mrefu, chota kwenye majani pale watu wanapofua na kuoga, usiende kule kusikokanyagwa na mtu, maana konokono naye anaambukizwa na kinyesi au mkojo wetu sisi. Kila sehemu tumia muda uleule, mfano dakika 15, la sivyo namba zako hazitalinganishika.

Kuwatambua: Biomphalaria amejikunja bapa, huyu ndo wa kichocho cha tumbo na ndo wa Ziwa Victoria. Bulinus ana ncha, mshike ncha ikiwa juu na mlango (tundu la gamba) ukutazame, mlango ukiwa kushoto ndo yeye. Anabeba kichocho cha mkojo, wa Unguja na Pemba, na bara pia yupo kwenye madimbwi na majaruba ya Usukuma.

Sasa kupima. Usiwaweke kwenye maji ya bomba yaliyotoka saa hiyo, klorini inawaua, yaache kwanza yakae siku nzima wazi. Wasafishe, walaze gizani usiku, asubuhi weka kila mmoja kwenye kikombe chake na maji kidogo kisha waanike kwenye mwanga, jua lisiwe kali la kuwachemsha, kuanzia kama saa 4 asubuhi mpaka saa 8 mchana. Halafu angalia kwa maikroskopu: sekaria wa kichocho ana mkia uliogawanyika mwishoni kama uma. Ila usikimbilie kuandika kichocho cha binadamu, kuna jamaa zake wa ndege na ng'ombe wanafanana naye sana, kwa hiyo hifadhi sampuli kwenye ethanoli ili maabara wapime DNA.

Asiyetoa kitu leo usimtupe jamani! Kimelea kikishaingia kwa konokono kinachukua kama wiki 4 mpaka 6 ndo sekaria waanze kutoka, kwa hiyo mtunze, mlishe letasi, umpime tena.

Saa hizo hizo ndo nzuri kwa mkojo wa watoto wa shule pia, saa 4 mpaka saa 8 mchana mayai yanatoka mengi, unachuja mililita 10 na kutafuta yai lenye mwiba mwishoni. Matende, ugonjwa mwingine wa minyoo, ni kinyume chake kabisa: huku kwetu watoto wa minyoo yake wanajaa kwenye damu ya karibu na ngozi usiku, saa ambazo mbu anauma, kwa hiyo timu ya kutoboa vidole inapita nyumba kwa nyumba saa 4 usiku mpaka saa 8 usiku. Mwambieni mjumbe mapema, mchana, watu wasishtuke wakigongewa mlango.