Rangi za tatuu za nyusi na midomo: geuza chupa kabla ya kulipa

Neno "REACH" (sheria ya kemikali ya Umoja wa Ulaya) kwenye boksi halithibitishi kitu. Kwa masharti ya Umoja wa Ulaya yaliyoanza Januari 4, 2022, lebo lazima iseme rangi ni ya tatuu au vipodozi vya kudumu, itaje viambato vyote na namba ya toleo (ya kundi la uzalishaji). Linganisha namba hiyo na ya kwenye cheti cha maabara. Zikitofautiana, cheti hicho si cha chupa yako. Kwenye orodha ya viambato, tafuta pia namba za rangi (CI) CI 74160 (bluu) na CI 74260 (kijani): zote zilipigwa marufuku huko Januari 2023.

CI 77891 ni titani dioksidi, nyeupe ya kupaushia rangi. Mteja akitaka kufuta kwa leza, inaweza kugeuka nyeusi papo hapo. Mwambie mapema.

Rangi iliyobaki kikombeni hairudi chupani, hata kama ni ghali.