Petroli na dawa zake kwa injini ya gari la zamani: anza na hedi

Kabla hujanunua chupa yoyote ya dawa ya petroli, fungua boneti na uchukue sumaku ndogo. Iguse kwenye mwili wa hedi yenyewe, kile kipande cha juu ya injini chenye vali, si kwenye boliti. Ikinata, hedi ni ya chuma. Isiponata, ni ya alumini. Kila gari la zamani ninaloletewa huanza nalo hapo, kwa sababu metali ya hedi ndiyo inayoamua kama unahitaji dawa ya vali au huihitaji. Maandishi ya kwenye chupa hayajui umebeba injini gani.

Hedi ya alumini, kama ya VW Beetle au Peugeot 404, ilitoka kiwandani ikiwa na siti za vali (pete ambazo vali hukalia ikifunga) zilizopachikwa, maana alumini ni laini mno kwa vali kuikalia. Mara nyingi siti hizo ni ngumu vya kutosha na petroli ya leo haizisumbui. Hedi ya chuma, kama ya Morris Minor au MGB, kwa kawaida siti zake zimechongwa kwenye chuma kile kile cha hedi. Hapo ndipo hadithi ya risasi, ile metali iliyokuwa ikitiwa kwenye petroli, inapoingia.

Mwaka 1921 Thomas Midgley na wenzake wa General Motors waligundua kwamba kemikali yenye risasi ikitiwa kwenye petroli inazuia injini kugonga, yaani petroli kulipuka ovyo ndani ya silinda. Ilianza kuuzwa mwaka 1923. Faida ya pili haikukusudiwa: mabaki ya risasi yaliacha utando mwembamba juu ya siti, na utando huo ulizuia vali ya ekzosi isishikane na siti kwa joto. Risasi ni sumu, na iliumiza ubongo wa watoto vizazi na vizazi. Kuondoka kwake ni jambo la kushukuru. Marekani iliipiga marufuku kwa magari ya barabarani mwaka 1996, Umoja wa Ulaya mwaka 2000, na Algeria ikawa nchi ya mwisho kuacha kuiuza, mwaka 2021. Lakini siti za chuma laini zilibaki bila kinga. Vali ikiwa ya moto sana, chembe za chuma hushikana na kung'oka kila inapofunguka. Siti huliwa taratibu, vali huzama ndani ya hedi, nafasi ya tapeti (uwazi mdogo unaoachwa ili vali ifunge kabisa) hupungua, na mwishowe vali haifungi sawasawa na inaungua.

Uharibifu huu hufuata kasi na mzigo. Gari linalotembea polepole siku za mapumziko linaweza kwenda miaka mingi bila tatizo. Linalokimbizwa muda mrefu kwenye barabara kuu, au linalopanda milima limebeba mizigo, huliwa haraka. Kwa hiyo usikisie, pima. Chukua fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi), pima nafasi ya kila tapeti injini ikiwa katika hali ambayo kitabu cha gari kinataka, ya baridi au ya moto, kisha andika kwenye daftari kwa silinda. Rudia kila sevisi. Vali ya ekzosi ambayo nafasi yake inajifunga tena na tena inakuambia siti yake inakwisha. Daftari hilo nalithamini kuliko dawa yoyote.

Ukiona dalili hizo, tiba ya kudumu ni kupachika siti ngumu za ekzosi. Hedi nzima isiyolalamika usiifungue kwa ajili hiyo tu. Subiri itakapofunguliwa kwa sababu nyingine. Katikati ya hapo, dawa ya kulinda siti inafaa. Nyingi zimejengwa juu ya potasiamu, sodiamu, fosforasi au manganizi. Chagua moja ubaki nayo, usizichanganye. Mimina kipimo kilichoandikwa kabla ya kujaza petroli, ili vichanganyike vyenyewe, na usizidishe ukidhani unaongeza ulinzi: kinachoongezeka ni mabaki kwenye plagi na vali. Gari lenye kataliti, kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi, lisitiwe dawa hizi kabisa.

Okteni, kipimo cha jinsi petroli inavyostahimili kugonga, ni jambo la kompresheni, na wengi hulipia bure. Tazama uwiano wa kompresheni kwenye kitabu cha gari. Chini ya 8:1, kama Land Rover Series II ya petroli yenye 7:1, petroli ya RON 91 (RON ni namba ya okteni) kwa kawaida inatosha. Kati ya 8 na 9 tumia 95. Ukipita 9 tafuta 97 au 98. Kumbuka kuwa pampu za Marekani na Kanada huandika wastani wa vipimo viwili, kwa hiyo 87 ya huko ni karibu RON 91 au 92. Injini isiyogonga haipati nguvu zaidi kwa okteni ya juu. Ikigonga unapokanyaga mafuta mlimani kwa gia ya juu, angalia taimingi (wakati wa plagi kuwasha) kwanza, kisha kaboni kwenye vyumba vya kuchomea, kisha ndipo ubadilishe petroli. Chupa za kuongeza okteni zikisema "pointi tano", soma kwa makini: mara nyingi pointi kumi ni namba moja ya okteni, kwa hiyo umenunua nusu namba. Zile za manganizi huacha rangi ya kutu kwenye plagi, na mtu anayesoma rangi ya plagi hupotoshwa nayo.

Sasa ethanoli, pombe inayochanganywa kwenye petroli, ambayo kwa maoni yangu inaharibu magari ya zamani mengi kuliko ukosefu wa risasi. Petroli ya E10 ina hadi asilimia 10 ya ethanoli. Kama pampu haisemi, jipimie nje, mbali na moto: tia mililita 10 za maji kwenye chupa ya kioo yenye alama, ongeza mililita 90 za petroli, tikisa, legeza kifuniko, uache itulie. Ethanoli huhamia kwenye maji. Tabaka la chini likibaki 10, hakuna ethanoli. Likikaribia 19, una E10. Petroli hiyo isirudi kwenye tangi.

Ethanoli hulainisha mipira ya zamani, huyeyusha vanishi ya shelaki inayofunika maboya ya koki (lile gome jepesi la vizibo), na hung'oa uchafu wa miaka kwenye tangi na kuupeleka kwenye filta. Badilisha mipira yote ya mafuta kwa ile iliyoandikwa SAE J30 R9, pamoja na diaframu ya pampu na sindano ya boya ya kabureta. Hiki si kipengele cha kuahirisha: mpira uliopasuka juu ya ekzosi ya moto huteketeza gari zima. Beba filta ya akiba kwa miezi ya mwanzo.

Kisha kuna hewa. Petroli tupu huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo, ethanoli 9 tu, na E10 karibu 14.1. Kabureta haijui tofauti hiyo, kwa hiyo mchanganyiko unakuwa mkavu, yaani hewa nyingi kwa petroli kidogo. Plagi zikitoka nyeupe na injini ikisitasita, panda jeti (tundu la kupitishia petroli) au sindano yake hatua moja. Ukipata E5 au petroli isiyo na ethanoli, inunue hiyo.

Dawa za kupambana na ethanoli husaidia kuzuia kutu, na hapo nazitumia. Haziondoi maji yaliyotuama chini ya tangi. Hayo yanamwagwa kwa boliti ya chini. Naftalini na mafuta ya taa visitiwe kamwe, hata akushauri nani.

Gari likienda kuegeshwa miezi kadhaa, tia dawa ya kuhifadhi kwenye petroli mpya, jaza tangi karibu lijae ili hewa yenye unyevu ikose nafasi, kisha washa injini dakika 10 ili dawa ifike hadi kwenye kabureta. Ukirudi, nusa kwanza. Petroli yenye harufu ya vanishi iondoe yote, weka filta mpya, bonyeza mipira kwa vidole kutoka tangi hadi kabureta, na ndipo uguse ufunguo.