Prosesa inachemka na feni haieleweki? Anza kwa kujua joto limekwama wapi

Wengi kompyuta ikianza kuchemka wanakimbilia kushusha programu ya kuongeza spidi ya feni, na hapo ndo wanapotea, maana feni kazi yake ni kutoa joto ambalo limeshafika kwenye hitisinki (kile chuma chenye mapezi kinachokaa juu ya prosesa), kama joto lenyewe halijafika huko basi hata uizungushe vipi haikusaidii kitu.

Weka programu ya kusoma joto kama HWiNFO au Core Temp, kwenye Linux tumia lm-sensors, afu soma nyuzi joto mashine ikiwa imetulia na ikiwa na kazi nzito. Ikitulia, nyuzi 35 mpaka 50 ni kawaida, kwenye kazi nzito 70 mpaka 85 usiogope. Prosesa nyingi za Intel zinajipunguza spidi zikikaribia 100, na Ryzen 7000 nyingi zimetengenezwa kufika 95 zikibanwa, kwa hiyo namba peke yake isikutishe. Angalia pia kama hakuna programu inayokula prosesa chinichini bila wewe kujua.

Sasa weka mkono pale hewa inapotokea. Programu inasema 95, feni inakimbia kweli kweli, lakini hewa inatoka ya baridi? Basi joto linabaki kwenye prosesa: hitisinki haijakaa sawa au pesti (ile krimu ya kupitisha joto kati ya prosesa na hitisinki) imekauka. Zima, chomoa umeme, fungua. Zile hitisinki za Intel za kusukuma pini nne, hakikisha pini zote zimezama kwenye madabodi (bodi kuu ya kompyuta), moja tu ikichomoka inatosha kuleta balaa. Kama ni mpya cheki chini yake, kuna nailoni ya kinga ambayo watu wanasahau kuibandua. Pesti ya zamani ifute kwa alkoholi ya isopropili na kitambaa kisichotoa nyuzi, weka mpya kiasi cha punje ya njegere katikati, kaza skrubu kwa mkingamo (kona moja afu ile ya mkabala wake) kidogo kidogo. Nawaomba sana wenye AMD za soketi ya AM4, kabla ya kung'oa hitisinki iache mashine ipate moto kidogo, zima, afu izungushe taratibu huku na huku ndo unyanyue, ukivuta kwa nguvu inaweza kutoka na prosesa yake na pini zikapinda.

Hewa ikitoka ya moto ila kidogo, ni vumbi. Linajazana kati ya feni na mapezi ya hitisinki, kwa nje huoni kitu, itoe feni kabisa usafishe. Ukipuliza shika mapanga yasizunguke.

Kama prosesa ni ya moto na feni imelala, au inapiga kelele muda wote hata mashine ikiwa haina kazi, hapo ndo tunaongelea kontroli. Waya wa feni uwe umechomekwa kwenye tundu la madabodi lililoandikwa CPU_FAN, sio tundu la feni ya kesi. Hesabu pini: feni ya pini 4 inaongozwa kwa PWM (ishara ya kuwaka na kuzima haraka haraka), ya pini 3 inaongozwa kwa volti, yaani DC. Ukichomeka ya pini 3 afu BIOS (mipangilio ya madabodi unayoingia mashine inapowaka) imewekwa PWM itakimbia mwisho wa spidi siku zote, nenda BIOS badilisha iwe DC. Humo humo panga spidi kulingana na joto, mfano asilimia 30 kwenye nyuzi 40, 60 kwenye 65, 100 kwenye 85. Ikiwa inapanda na kushuka kila sekunde ongeza muda wa kuchelewa kubadilika, karibu kila BIOS ya sasa inayo hiyo. Usiendeshe programu mbili za feni kwa pamoja, zitagombana.

Laptop ni habari nyingine, feni nyingi zinaongozwa na chipu yake ndani na programu za nje hazioni kitu, hapo sasisha BIOS kutoka kwa mtengenezaji. Wakati unasubiri kuifungua, kwenye mipangilio ya umeme ya Windows shusha kiwango cha juu cha prosesa kutoka asilimia 100 mpaka 99, kwenye mashine nyingi turbo (ile spidi ya ziada ya prosesa) inazimika na joto linashuka papo hapo, ila spidi nayo inapungua.