Kuovakloki Ryzen 3 1200 mpaka itulie

Kuovakloki ni kuisukuma prosesa ikimbie kuliko kasi yake ya kiwandani, na kuipandisha Ryzen 3 1200 hadi 3.9 GHz ni kazi ya dakika chache. Unaingia BIOS (mipangilio ya mazabodi inayofunguka kabla ya Windows), unaandika maltiplaya 39 (mara MHz 100 ndiyo kasi), unahifadhi, Windows inafunguka, unafurahi. Kazi yenyewe huanza siku mashine inapoganda katikati ya kuhariri video, bila onyo wala ujumbe wowote. Wengi wanaoniletea mashine za namna hiyo huilaumu prosesa, na mara nyingi prosesa haina kosa. Mtu aliongeza kasi, volti na kasi ya ramu kwa mpigo mmoja, akacheza gemu kidogo, akasema imekubali. Ikianza kuganda hajui pa kushika.

Nimeandika haya baada ya kukaa na kijana mmoja anayehariri video za harusi kwa mashine ya aina hii. AMD waliitoa prosesa hii Julai 2017 kwa dola 109: kori 4, kasi ya kawaida 3.1 GHz, ikijisukuma hadi 3.4. Maltiplaya yake haikufungwa, na ndiyo maana mpaka leo mtu mwenye bajeti ndogo anaweza kuikamua kitu. Mwenye Ryzen 5 1600 anaweza kufuata hatua hizi hizi, ila ajiandae kwa joto kubwa zaidi.

Hatua ya 1: Kagua ulichonacho

Mazabodi yenye chipseti ya A320 hairuhusu kuovakloki prosesa, kwa hiyo kama ni hiyo usijisumbue. B350, B450, X370 na X470 zinaruhusu. Pawa saplai ile inayouzwa pamoja na kesi, nyepesi mkononi kama kopo tupu, itoe kabla hujagusa chochote. Halafu weka nakala ya faili zako kwenye diski nyingine. Ramu isiyotulia haiishii kugandisha mashine, huandika takataka kwenye diski, na utakuja kugundua baadaye picha hazifunguki.

Hatua ya 2: Feni na pesti

Kama mashine ni ya mtumba, pesti ya kupitisha joto iliyo kati ya prosesa na hitisinki (chuma cha kupoza) imeshakauka. Kuwa mwangalifu hapa: kwenye soketi ya AM4 pini ziko kwenye prosesa yenyewe, na pesti kavu hushika kama gundi. Ukivuta hitisinki moja kwa moja kwenda juu, prosesa inaweza kung'oka nayo na pini zikapinda. Washa mashine kwanza, iendeshe mpaka ipate joto, izime na uchomoe waya ukutani. Legeza skrubu nne, kisha izungushe hitisinki kidogo kushoto na kulia mpaka usikie imeachia. Hapo ndipo uinyanyue.

Futa kwa spiriti, weka pesti mpya kiasi cha punje ya njegere, kaza skrubu kwa kupishana kona kwa kona.

Feni ya Wraith Stealth inayokuja na prosesa hii ni ndogo. Inatosha kwa 3.7, na kwa 3.8 kama chumba kina hewa. Angalia pia vile vipande vya kusimamia umeme vilivyo pembeni ya prosesa kwenye mazabodi. Bodi nyingi za bei nafuu haziviwekei hitisinki, kwa hiyo hakikisha kuna feni ya kesi inayopeleka upepo upande huo.

Hatua ya 3: Rudisha BIOS mwanzo

Sasisha BIOS ukiwa umechomeka kwenye UPS, maana umeme ukikatika katikati unaweza kupoteza bodi. Kisha rudisha mipangilio yote ya kiwandani. XMP, yaani mpangilio unaoipa ramu kasi yake kamili, iache imezimwa. Ramu ibaki kwenye kasi yake ya chini, 2133 au 2400, mpaka nikuambie.

Mimi hupanga kila kitu ndani ya BIOS. Ryzen Master ni programu nzuri ya kuchungulia, lakini mpangilio unaotegemea Windows ifunguke kwanza siuamini kwa mashine ya kazi.

Hatua ya 4: Panda kidogo kidogo

Weka maltiplaya 36 na volti 1.25, zote kwa mkono. Usiache volti kwenye Auto, kwa sababu bodi nyingi zikiachiwa huongeza kuliko inavyohitajika. Ikifaulu majaribio ya hatua ya 6 kwa dakika 15, nenda 37, halafu 38. Ikishindwa, ongeza volti kwa 0.0125 au kiasi kidogo kabisa ambacho bodi yako inaruhusu, jaribu tena. Jua kwamba ukishaipandisha kwa mkono, kori zote zinakwenda kasi hiyo moja, ile ya kujisukuma yenyewe haipo tena.

Hatua ya 5: Volti, hapa ndipo penye kazi

Hatua hii ndiyo inayokula siku za watu, kwa hiyo soma taratibu.

Volti uliyoiandika kwenye BIOS siyo inayofika kwenye prosesa ikiwa inafanya kazi nzito. Fungua HWiNFO, programu ya kusoma volti na joto, tafuta mstari ulioandikwa CPU Core Voltage (SVI2 TFN), huo ndio wa kuamini. Mashine ikiwa imetulia unaweza kuona 1.30 kama ulivyoweka. Anzisha Prime95, programu ya kuibebesha prosesa mzigo mzito, mstari uleule ukaona 1.25 au chini ya hapo. Bodi imetengenezwa hivyo makusudi: mkondo ukiongezeka volti inaachwa ishuke, ili mzigo ukiondoka ghafla isiruke juu kupita kiasi. Prosesa inayohitaji 1.28 kwa 3.8 GHz itaanguka kwenye 1.25, hata kama BIOS inasema 1.30.

Sasa angalia mtu anavyojichimbia shimo. Imeanguka, anaongeza hadi 1.40. Kwenye mzigo inasimama, lakini joto limepanda sana, kwa sababu umeme unaoliwa unakua kwa mraba wa volti. Kutoka 1.20 hadi 1.35 peke yake, ulaji unapanda kwa karibu robo hata kasi isipobadilika. Na prosesa yenye joto zaidi inahitaji volti zaidi ili ibaki imara. Anaongeza tena, joto linapanda tena, na mwishoni anaamini amepata prosesa mbovu.

Dawa yake ni mpangilio unaoitwa LLC, Load-Line Calibration, unaopunguza mporomoko huo. Ila una mitego yake. Namba zake hazifanani: kwa baadhi ya watengenezaji namba 1 ndiyo kali kuliko zote, kwa wengine namba 1 ndiyo laini kuliko zote. Usifuate namba ya mtu wa bodi nyingine. Badilisha ngazi moja, anzisha Prime95, soma HWiNFO, andika kwenye karatasi volti ya utulivu na volti ya mzigo. Fanya hivyo kwa kila ngazi, utaijua bodi yako kuliko mtu yeyote.

Na ngazi kali kabisa usiiguse. Ukiona volti ya mzigo imelingana na ya utulivu, au imeizidi, umepita mahali pake. Mzigo ukiachia ghafla, volti huruka juu kwa muda mfupi mno, na HWiNFO kwa kawaida husoma mara moja kila sekunde mbili, hivyo mruko huo huwezi kuuona. Prosesa inaupokea wewe ukiangalia namba nzuri. Mimi huchagua ngazi ya kati na kukubali mporomoko wa 0.02 hadi 0.03.

Kikomo changu ni 1.35 kwa matumizi ya kila siku. AMD wenyewe walitaja kiwango hicho kwa prosesa za kizazi hiki, wakasema hadi 1.45 inawezekana ila maisha ya prosesa yanaweza kupungua. Kama 3.9 inataka 1.42, basi prosesa yako ni ya 3.8. Tofauti ya MHz 100 haiharakishi video yako kwa kiasi utakachokiona kwa macho.

Kuna ugonjwa mwingine unaofanana na huu lakini chanzo chake ni tofauti. Mashine inafaulu Prime95 usiku kucha, halafu inaganda ukiwa umeiacha tu, hakuna kinachoendelea. Ukiongeza volti hapo unapoteza muda. Prosesa hizi zikikaa bure hushuka kwenye usingizi mzito ambao mkondo wake ni mdogo mno, na pawa saplai za zamani hazisimami imara kwenye mkondo mdogo kiasi hicho. Tafuta kwenye BIOS Power Supply Idle Control, uiweke Typical Current Idle. Kama BIOS yako haina kipengele hicho, zima Global C-state Control. Mpangilio huu mmoja umeniponyea mashine ambazo wenyewe walikuwa tayari kuziuza.

Hatua ya 6: Kupima

Gemu siyo kipimo. Cinebench, programu ya kupima kasi, inafaa kuchungulia tu. Ninatumia Prime95 kwa sababu inalinganisha majibu yake na majibu inayoyajua, hivyo inakamata kosa la hesabu hata kama mashine haijaganda. Chagua Small FFTs, ambayo inabana prosesa bila kuhusisha ramu sana. Kazi moja kati ya nne ikisimama na kuandika FATAL ERROR, umeshindwa, hata kama nyingine tatu zinaendelea.

Pima mchana. Hili naomba ulizingatie. Ukipima saa tano usiku feni ya dari ikizunguka, utapata nyuzi 70 ukaridhika. Mchana wa Februari Dar es Salaam chumba kina nyuzi 32 au zaidi, na kila nyuzi iliyoongezeka chumbani inaongezeka kwenye prosesa pia. Kikomo cha prosesa hii ni nyuzi 95. Mimi sikubali izidi 80 kwenye Prime95 wakati wa jua kali, ili vumbi la miezi likishajaa bado kuwe na nafasi.

Saa mbili za Small FFTs, kisha anza na kusimamisha jaribio mara kadhaa mfululizo ili volti ipande na kushuka. Zima mashine kabisa, iache ipoe, iwashe asubuhi. Baada ya hapo fungua Event Viewer ya Windows utafute WHEA-Logger, ambako makosa ya vifaa huandikwa. Kama kuna mstari wowote wa WHEA wa tarehe hiyo, prosesa inateleza hata kama hujaona dalili. Ongeza volti hatua moja au shusha kasi hatua moja.

Hatua ya 7: Sasa ramu

Prosesa ikishatulia peke yake, washa XMP. Kizazi hiki rasmi kinabeba 2666, na ramu za 3000 au 3200 mara nyingi huzigomea. Jaribu 2933, ikikataa rudi 2666. Usiidharau hatua hii, kwa sababu njia inayounganisha kori ndani ya Ryzen inakwenda sambamba na kasi ya ramu, na mashine huchangamka kweli.

Pima kwa MemTest86 kutoka kwenye flashi, mizunguko minne, bila kosa hata moja. Skrini ya bluu yenye MEMORY_MANAGEMENT ikija baada ya hatua hii, unajua pa kwenda, kwa sababu prosesa ulishaimaliza.

Mashine ikikataa kuwaka kabisa, chomoa waya, toa betri ya CR2032, bonyeza kitufe cha kuwashia mara kadhaa, subiri dakika chache, rudisha.

Hatua ya 8: Hifadhi

Hifadhi mpangilio kwenye BIOS kama profaili, halafu piga picha za kila ukurasa kwa simu. Ukija kusasisha BIOS, profaili za zamani mara nyingi hufutika au kukataliwa, na zile ngazi za LLC zinaweza kubadilika tabia, kwa hiyo baada ya kusasisha pima upya volti ya mzigo kabla hujarudisha namba zako.