Anza na ngege: kutenganisha kiambishi na kiimbo

Jumamosi asubuhi nawafundisha vijana wawili wa kidato cha pili mezani kwangu hapa Nyalenda, Kisumu. Zamani nilianza na majina: uambishaji, unyambuaji, kiimbo, shadda. Waliyakariri, kisha wakayachanganya yote kwenye mtihani. Siku hizi naanza na kilicho jikoni.

Andika: Mama amekaanga ngege, yule samaki wetu wa ziwani. Shika kitenzi hicho, ubadilishe kitu kimoja tu kila mara. Wamekaanga: watendaji wameongezeka. Atakaanga: wakati umesogea. Hakukaanga: tumelala njaa. Kwenye hakaangi na akaange nenda polepole, maana wengi huteleza hapo. Ile -a ya mwisho nayo imegeuka, ikawa -i kukanusha wakati uliopo, na -e tunapoomba au kuagiza. Ila usiilazimishe kila mahali. Vitenzi vyenye asili ya Kiarabu huishikilia irabu yao: ni sijibu, wala si "sijibi", ambayo nimeisahihisha kwenye insha hadi wino ukaniishia.

Vipande hivyo tunavyobadilisha ni viambishi, na kazi hiyo ni uambishaji, yaani mgeuko wa neno. Katika yote hayo, kukaanga ni kulekule. Lakini ukifika kwenye kaangisha au kikaango, umevuka mpaka, hilo ni neno jingine, na huo ni unyambuaji. Kipimo changu ni kamusi: kikaango utakikuta humo, wamekaanga hutalikuta.

Sasa funga daftari. Sema Mama amekaanga ngege ukishusha sauti mwishoni. Rudia ukiipandisha. Hakuna herufi iliyoguswa, lakini tayari unauliza. Jirekodi kwa simu, kisha usikilize silabi za mwisho pekee, kwa sababu mtu akiwa anasema haisikii sauti yake mwenyewe vizuri. Hicho ni kiimbo. Usikiite toni, yaani sauti ya juu au ya chini inayobadili maana ya neno lenyewe: Kiswahili sanifu hakitofautishi maneno kwa toni, Dholuo hutofautisha, na vijana wangu Wajaluo hulinasa hili upesi kuliko mimi Mluhya nilivyotarajia. Nao hunifundisha. Kwa Dholuo, got ni mlima, gode ni milima. T imegeuka d, na -e ikafuata. Nami nilidhani wingi ni kubandika tu!

Juzi mmoja akauliza kama mgeuko wa hesabu ni huohuo wa maneno. Hapana. Nikamchorea y = x³, nikaweka kidole penye sufuri, pale mkunjo unapoacha kuinamia upande mmoja na kuanza kuinamia wa pili. Zaidi ya hapo nikamwambia amwulize mwalimu wake wa hesabu, maana ngege alishaanza kuungua.