Acha njia ya boza: namna ya kupaki gari mtaani bila kuwafungia wenzako

Naendesha boza la maji Dar es Salaam, lita 10,000. Kazi yangu kubwa iko Kimara, Mbezi, Goba na Tabata, na maji ya bomba yakikatika siku mbili tatu simu yangu haipumziki. Mitaa mingi ya huko watu walianza kujenga, wakaachiana njia kwa kuelewana, magari yakaja baadaye. Kwa hiyo gari moja dogo likipakiwa vibaya, mtaa mzima umefungwa. Hapa naeleza namna ya kupaki kwenye mitaa kama hiyo, kwa jinsi tunavyoiona sisi tulioshika usukani wa gari kubwa.

Pima kwa gari kubwa, usipime kwa gari lako

Wengi wakishuka wanajiuliza swali moja tu: gari kama langu litapita? Wakiona IST imepita, wanafunga milango wanakwenda zao. Kipimo hicho hakitoshi. Boza, gari la zimamoto, gari la taka na lile la kunyonya vyoo, yote yana upana wa karibu mita 2 na nusu. Ongeza vioo vya pembeni, unakaribia mita 3.

Ukishapaki, simama ubavuni mwa gari lako upande wa barabarani, kisha tembea kwa hatua ndefu mpaka ukuta au mtaro wa ng'ambo. Ukipata hatua nne, tunapita. Ukipata tatu, litapita gari dogo peke yake, na siku nyumba ya jirani ikishika moto, zimamoto wataishia nyuma ya gari lako. Hatua zikipungua, rudi kwenye usukani utafute pengine. Kutembea mita 100 hakujawahi kumuua mtu.

Kabla hujaondoka, nyoosha tairi za mbele. Tairi iliyokunjwa inatokeza nje na ndiyo ninayoikwaruza kwanza. Kunja vioo. Sogea karibu na ukuta, lakini usipande kwenye mifuniko ya mtaro. Ile zege haikutengenezwa kubeba gari. Ikivunjika, kesho mtoto wa shule anatumbukia. Na kama ukutani kuna kanjia ambako watu wanapita kwa miguu, waachie. Mtaani kwetu anapita bibi mwenye mkongojo na kijana mwenye kiti cha magurudumu. Ukiwabana ukutani unawatupa katikati ya barabara, kwenye bodaboda.

Kona ndiyo inayoniumiza zaidi

Hatua nne ni za barabara iliyonyooka. Kwenye kona hazisaidii, na sababu yake ni hii: tairi za nyuma za gari refu hazipiti zilikopita za mbele. Zinakata kwa ndani. Ndiyo maana utaniona natanua kwanza upande wa pili, pua inakaribia kugusa ukuta, ndipo nakata. Sasa wewe ukipaki kwenye pembe ya ndani, tairi zangu za nyuma zinakuja kukanyaga bampa lako. Ukipaki ng'ambo, mkabala na mdomo wa njia, pua yangu haina pa kwenda. Watu wengi hawaijui hii ya ng'ambo. Mtu anapaki vizuri kabisa, ameegemea ukuta, hajaziba njia ya mtu yeyote kwa macho yake, kumbe amesimama pale pale ninapopitishia kichwa cha gari.

Kwa hiyo kwenye kila njia panda, acha wazi urefu wa IST mbili, karibu mita 8, kila upande wa kona, na ukuta unaotazamana na mdomo wa njia uuache mtupu.

Mtu anaweza kusema, si urudi rivasi upite njia nyingine? Lita 10,000 za maji ni tani 10, na maji hayatulii. Tanki likiwa limepungua, ukishika breki maji yanakimbilia mbele, yanalisukuma gari, yanarudi nyuma tena. Rudisha mzigo huo rivasi kwenye kilima cha Kimara, njia ya vumbi, ukuta huku na mtaro huku, watoto wanacheza nyuma. Utingo wangu anatembea nyuma anapiga tangi kwa kofi na kuita, "Njoo! Njoo! Kata kushoto! Hapo hapo!" Mita chache tu, shati limelowa. Juzi juzi tulifika karibu kabisa na nyumba ya mteja, mama ametoa mpira wa kupokelea maji nje na kufungua mfuniko wa simtanki, na Noah nyeupe iko kwenye kona. Mpira wangu una mita 30, haukufika. Yule mama aliniangalia mimi, akaiangalia ile Noah, akaufunga mfuniko. Ndani alikuwa na mtoto mchanga na nepi za tangu jana.

Mambo madogo yanayofunga mtaa

Ukikuta mwenzako amepaki kushoto, wewe usipaki kulia mkabala naye. Kila mmoja wenu peke yake hana kosa. Mkitazamana mmefunga barabara. Pakini upande mmoja, mmoja nyuma ya mwingine.

Geti ni geti hata likiwa limeota kutu na nyasi zimesimama mbele yake. Ndani anaweza kuwamo mgonjwa anayetolewa mara moja kwa wiki kwenda kliniki. Gonga, uliza. Na kumbuka gari linalotoka getini linahitaji nafasi ya kugeukia, kwa hiyo hata ng'ambo ya geti jembamba si mahali pa kupaki.

Taa za hazadi hazigeuzi barabara kuwa maegesho. Naziona kila siku mbele ya fremu za maduka: hazadi zinawaka, mlango wa dereva uko nusu wazi, mwenyewe yuko ndani anasubiri chipsi zikaangwe. "Dakika mbili tu, kaka." Nyuma yangu zimejipanga bajaji tano na gari la shule. Kama unanunua kitu, mwite muuzaji akuletee, au paki kwanza kama mtu anayelala hapo.

Mjini, Kariakoo na Posta, walinzi wa maegesho huwa wanaomba uache gari fri, bila handibreki, ili wakiwa na haja walisukume. Sawa, pale ni tambarare na mwenye kusukuma yupo. Usilete tabia hiyo kwenye vilima vya Mbezi.

Acha namna ya kupatikana

Andika namba ya simu kwenye karatasi kwa kalamu nene, weka kwenye dashibodi upande wa kioo cha mbele, tarakimu zionekane kwa mtu aliyesimama nje. Hili likifanyika, nusu ya ugomvi wa mtaani umekwisha. Najua wapo dada zetu wasiotaka namba yao isomwe na kila mpita njia, na wana haki. Basi weka namba ya mwenyeji wako, au mwambie muuza genge aliye karibu: "Gari lile ni langu, niko nyumba ya geti la bluu." Maneno hayo tu yanatosha.

Lakini simu iwe inasikika. Hapa kuna jambo ambalo watu hawalifikirii: swala ya Ijumaa, ibada ya Jumapili, msiba, kikao cha harusi, kote huko simu zinazimwa. Ukienda mahali ambako simu itazimwa, usipaki kabisa mahali ambapo utahitajika kusogeza. Au mwachie mlinzi funguo, kama ni mlinzi unayemfahamu na anajua kuendesha.

Kama shughuli ni yako

Nilipeleka maji msibani Mbezi. Waliyaagiza wafiwa wenyewe. Kina mama walikuwa na masufuria matupu nyuma ya nyumba na wageni walikuwa wanaendelea kuja. Njia ilikuwa imejaa magari ya waombolezaji pande zote mbili, na mbele zaidi turubai limekata barabara. Maji ya msiba yakashindwa kufika msibani kwa sababu ya magari ya watu wa msiba. Vijana walibeba kwa ndoo, foleni ndefu, wamevaa nguo zao za mazishi.

Kamati huwa ina mtu wa chakula, wa viti, wa turubai na wa mziki. Iongezeeni mtu wa magari. Vijana wawili wanatosha, mmoja kwenye mdomo wa njia na mmoja katikati. Kazi yao ni kupanga magari upande mmoja, kuandika namba ya gari na ya simu ya kila anayepaki, na kuhakikisha anayeondoka mapema anapaki mwisho. Ombeni mapema kiwanja cha shule, cha kanisa au eneo la jirani lililo wazi. Kama turubai litaziba njia, mwenyekiti wa serikali ya mtaa ajue kabla, na majirani walio ndani waambiwe ili mwenye safari atoe gari lake usiku. MC naye apewe maelezo yanayoeleweka: aina ya gari, rangi, na herufi tatu za mwisho za namba. Akitangaza tu "mwenye gari jeupe asogeze", wanaume arobaini wanabaki wameketi.

Wewe ndiye uliyefungiwa

Hasira inakuja, na ni halali. Una mgonjwa, una kazi, una mzigo wa watu. Ila fuata mpangilio huu kwa sababu ndio unaofungua njia haraka.

Tazama kwanza dashibodi kama kuna namba. Hakuna? Nenda kijiwe cha bodaboda kilicho karibu. Wale vijana wanaona kila gari linaloingia na mlango alioingia mwenyewe. Mara nyingi wananipatia jibu kabla sijamaliza kueleza. Uliza fremu mbili tatu za jirani. Piga honi fupi mara mbili, subiri, rudia. Honi ndefu inaamsha wagonjwa na watoto, na mwenye gari huwa anadhani ni ya mtu mwingine.

Usitoe upepo kwenye tairi. Gari lisilo na upepo litakaa hapo mpaka usiku. Usichane rangi, usivunje waipa. Ukishafanya hivyo, mwenye kosa unakuwa wewe. Na usikusanye vijana kulinyanyua. Nimeona Vitz ikirushwarushwa hivyo na bampa likabaki mikononi mwa watu.

Mwenyewe asipopatikana, piga picha inayoonyesha namba ya gari pamoja na geti au njia iliyozibwa, kisha mwite mjumbe au mwenyekiti wa mtaa. Anawafahamu wapangaji na neno lake lina uzito. Kama kuna mgonjwa wa kukimbizwa au mtu anakataa kwa makusudi, piga polisi 112. Moto ni 114, na ukiwapigia waambie kabisa kwamba njia imezibwa na kona gani, wachague njia nyingine tangu mwanzo.

Mwenye gari akitokea, anza na salamu. "Shikamoo mzee wangu. Naomba unisogezee gari kidogo, nina maji ya mama yule pale." Mtu aliyesalimiwa anatafuta funguo, aliyetukanwa anatafuta jibu. Akishasogeza, mwonyeshe mahali pazuri pa kupaki, mwonyeshe na ile kona. Wengi hawajawahi kuelezwa.

Ukipigiwa simu wewe

Toka na funguo mkononi. Usimtume mtoto aje kuuliza ni nani, usianze kubishana kwamba gari linapita. Dereva aliye juu anaiona tairi yake ya nyuma na wewe huioni. Ondoa gari kabisa, livushe njia panda, usilisogeze nusu mita na kusimama kuangalia kama itatosha.

Kisha usilirudishe mara tu boza likipita. Kushusha maji ni kazi ya dakika ishirini, thelathini hivi, halafu tunatoka kwa njia ile ile. Gari linakuwa jepesi, lakini upana wake haujapungua. Subiri tutoke, utingo atakupungia mkono, ndipo urudi kupaki.