Kingamwili za monokloni: kutoka bandama ya panya hadi kipimo cha malaria

Kile kipimo cha haraka cha malaria cha kwenye zahanati kinategemea kingamwili za monokloni, yaani kingamwili zilizotoka kwenye ukoo mmoja wa seli, zote zikishika sehemu ileile ya antijeni, yaani kitu ambacho kingamwili hukitambua. Njia ya haibridoma (seli mseto ya seli ya kinga na seli ya saratani) ninayoieleza hapa ilichapishwa na Georges Köhler na César Milstein wa Cambridge mwaka 1975. Mfano wetu ni HRP2, protini ambayo kimelea Plasmodium falciparum humwaga kwenye damu.

Hatua ya 1: Chanja panya

Mchome HRP2 safi pamoja na kiamsha kinga, urudie kila baada ya wiki mbili au tatu. Kingamwili zikipanda kwenye damu yake, mpe dozi ya mwisho siku tatu kabla ya kutoa bandama. Kibali cha kamati ya maadili kiwe mkononi kabla ya sindano ya kwanza.

Hatua ya 2: Unganisha seli

Seli B za bandama, ambazo ni seli za kinga, hutoa kingamwili lakini maabarani hufa mapema. Seli za mieloma, ambazo ni za saratani, huzaana bila kikomo. Tunataka sifa zote mbili kwenye seli moja.

Zioshe kwa midia (kimiminika cha kuoteshea seli) isiyo na seramu, changanya tano za bandama kwa moja ya mieloma, zungusha kwenye sentrifuji, mwaga maji yote ya juu. Mrija ukiwa kwenye maji ya nyuzi 37, dondoshea mililita moja ya polietilini glikoli, kemikali inayounganisha seli, tone kwa tone kwa dakika moja, ukikoroga taratibu kwa ncha ya pipeti. Ikikaa sana inaua seli, kwa hiyo izimue mara moja kwa midia, polepole mwanzoni.

Hatua ya 3: Midia ya HAT

Gawa seli kwenye sahani za vishimo 96 zenye midia ya HAT, yaani yenye haipozanthini, aminopterini na thimidini. Aminopterini iliyomo huziba njia kuu ya kutengeneza DNA, na mieloma tunazotumia hazina kimeng'enya cha njia ya pili, basi zinakufa. Haibridoma imekirithi kutoka kwa seli B, ndiyo maana inabaki.

Hatua ya 4: Chuja, halafu chuja tena

Hapa ndipo wengi huharakisha, na hapa ndipo ubora wa kipimo unapoamuliwa. Kati ya siku ya 10 na 14, pima midia ya kila kishimo kwa ELISA, kipimo kinachotoa rangi kingamwili inaposhika antijeni. Usiridhike na HRP2 iliyotengenezwa na bakteria. Jaribu pia kwa vimelea vilivyooteshwa na kwa damu isiyo na malaria. Kishimo kinachotoa rangi kwa damu isiyo na malaria kitupe, hata kama rangi yake kwa HRP2 inavutia.

Kishimo kilichofaulu kinaweza kuwa na koo kadhaa. Zimua mpaka wastani uwe chini ya seli moja kwa kishimo, otesha, pima, rudia. Kabla ya mzunguko wa pili mimi siiti monokloni. Gandisha akiba mapema kwenye naitrojeni kimiminika, kwani haibridoma changa hupoteza kromosomu na huweza kuacha kutoa kingamwili.

Hatua ya 5: Otesha kwa wingi, itumie

Safisha kingamwili kwa protini A, protini ya bakteria inayoshika kingamwili. Kwenye kipimo, kingamwili zilizobebeshwa chembe za dhahabu hudaka HRP2, kisha nyingine zilizopakwa kwenye mstari huizuia, na wekundu hujikusanya hapo. Kumbuka HRP2 hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona, na kwamba Eritrea na Ethiopia kuna vimelea visivyo na jeni yake. Hivyo vinaponyoka kipimo hiki.

Kwa tiba, kingamwili ya panya haitoshi, maana mwili wa mtu huishambulia. Muromonab, dawa ya kingamwili ya panya ya mwaka 1986, iliyotolewa kwa waliopandikizwa figo, ilikuwa na tatizo hilo. Siku hizi jeni hurekebishwa zifanane na za binadamu, na uzalishaji mwingi hufanyika kwenye seli za CHO, yaani seli za ovari ya panya-buku wa Kichina (hamster).

Wodini, trastuzumab, kingamwili ya monokloni ya kutibu saratani, ni ya mgonjwa ambaye uvimbe wake umekutwa na protini ya HER2 nyingi. Pima moyo kwanza, ichanganye na maji ya chumvi, kamwe si dekstrosi, na usitikise chupa. Kabla ya rituximab, kingamwili nyingine ya tiba, pima homa ya ini B, kwani dawa hii inaweza kuamsha kirusi kilicholala. Dripu ya kwanza ianze polepole, na muuguzi asiondoke karibu na kitanda.